Ubao wa Mlango Umekuwa Gobore

Jumamosi, Woodbridge

Eti aanze na gobore la vipande vilivyokwisha kuchongwa kiwandani! Mzee wa klabu ya magobore kamwambia hivyo Salma, binti wa dada yangu, mbele ya watu wote: mwanagenzi hawezi kuchonga kitako kizima cha bunduki kutoka ubao mtupu. Mimi sikukubali.

Garini nikamwambia, "Chonga, mwanangu. Tena utie mayungiyungi, yale maua ya milango yetu ya Unguja."

Akauliza kwa Kiingereza chake cha huku ugenini, vipi akiuharibu ubao?

"Utauharibu. Halafu?"

Dada kanifokea kwenye simu: mtoto wa kike na bunduki! Hivi hajaona kwamba bintiye ana mkono wa marehemu baba, fundi wa milango?

Naogopa, sikatai. Ubao ukipasuka pale unapolala mtutu, kazi yote...

Basi. Nimeutoa ule ubao wa mti wa mjozi niliouweka kwa mlango wa nyumba yangu ya Unguja, nyumba ambayo najua sitaijenga. Nikampa patasi ya baba. Kwetu fundi hagusi mkato wa kwanza, ni wa mwenye kazi, yule anayejifunza. Salma kasema bismillahi, kakata.

Mkato umekwenda upogo. Sikuurekebisha, na asithubutu mtu kuurekebisha.