Ujumbe Haukumfikia Kwamboka

Keroka

Mama mpendwa,

Mguu wako unaendeleaje? Mvua imefika huko Taita? Mimi mwili ni mzima. Yaliyo moyoni nimeshindwa kuyasema kwa simu, ndiyo maana naandika.

Mzee Nyamweya wa Sironga, babake Kwamboka, yule msichana niliyekueleza habari zake, amefariki. Tulimzika Alhamisi. Mama, mkono wangu umo katika kifo hicho.

Mapafu yake yalikuwa yamechoka, alipumua kwa mtungi wa oksijeni. Kwamboka aliacha kwenda kuchuma majani chai, akiogopa mtungi utaisha hayupo. Nikamtengenezea chombo: chipu inasoma kipimo cha mtungi, hewa ikipungua inaiambia modemu imtumie ujumbe kwa simu, aje afungue mtungi wa pili. Kilifanya kazi vizuri, Kwamboka akarudi shambani. Mzee akaanza kuniita "omwana one", mwanangu.

Chipu na modemu huongea kwa waya, alama moja baada ya nyingine. Viko vifaa ambavyo kimoja humhesabia mwenzake mapigo ya muda. Modemu hii haijui namna hiyo. Kila upande hujihesabia wenyewe, kwa hiyo lazima kasi zilingane. Kasi ya chipu hutokana na kipande kidogo kinachoitwa kristali. Kilipoharibika nilikosa cha aina ile, nikatia kinachokaribiana nacho. Nilijua inabidi nibadilishe hesabu ndani ya programu ili kasi zilingane tena. Lakini wateja walikuwa wananingoja kwenye duka langu la ufundi. Nikawasha, taa ikawaka, nikamwambia Kwamboka, "Kiko sawa." Sikujaribu kutuma hata ujumbe mmoja.

Jumanne mchana mtungi uliisha. Kwamboka alikuwa kwenye shamba la chai, simu mfukoni, mtandao upo. Aliporudi kumpa babake uji, alimkuta mwili umeshapoa.

Nilipokifungua chombo nikaona: modemu ilikuwa imepokea takataka tupu, herufi zisizosomeka. Nikamweleza Kwamboka yote, tukiwa nyuma ya jiko.

"Ulijua?" akaniuliza.

"Nilijua. Niliahirisha."

Kaka zake walipofika kutoka Nairobi, wakaulizia kile chombo ukutani. Kabla sijajibu, Kwamboka akasema, "Ni network ilipotea siku hiyo." Nikafungua mdomo. Akanitazama, nikaufunga.

Baada ya mazishi alinisindikiza hadi getini.

"Usidhani nimelificha kosa lako kwa ajili yako," alisema. "Tata," yaani babake, "alikuita mtoto wake. Sitaki kaka zangu wamlilie mara mbili: kwa kifo chake, na kwa uzembe wa aliyemwita mwana. Lakini usirudi hapa tena, Mwakio."

Nimekaa siku nne bila kugusa kazi.

Nisalimie dada yangu mkubwa na watoto wake, na shangazi anayekuuguza mguu. Wajomba waliokuwa wakijiandaa kuja kuniposea Kwamboka, waambie wasipande gari. Wakiuliza sababu, usinitafutie maneno, Mama. Waambie Mwakio anakuja kuwaeleza mwenyewe, na kutoka hapo nitarudi Sironga kuwaambia kaka zake Kwamboka ukweli, hata kama yeye hataki kuniona.

Ni mimi mwanao,
Mwakio