Walisema ni Matengenezo

Zomba, 3 Machi

Mdogo wangu Limbani,

Hujambo? Wifi yangu naye hajambo? Huku kwetu ni mvua na matope, ila tunakula na kucheka.

Tovuti ya nyumba yetu ya makimbilio haifunguki tangu jana. Wewe ndiye fundi mkuu wa kampuni inayoihifadhi, basi niambie kuna nini. Unajua wanawake wanaowakimbia waume zao hujaza fomu humo: jina lao, simu ya mume, mahali walipojificha.

Dada yako, Zione

Blantyre, 3 Machi

Shikamoo dada,

Sisi wazima, wifi yako anakusalimu. Usihangaike, ni matengenezo tu. Kesho itafunguka. Dawa za presha unameza, au unazisahau tena?

Mdogo wako, Limbani

Zomba, 9 Machi

Limbani,

Leo sikuulizi hali. Jana mchana tukisonga nsima, Wyson, mume wa Esnart, aligonga geti. Alimsomea mlinzi fomu ya mkewe kutoka kwenye simu yake, neno kwa neno, mpaka pale mkewe alipoandika kwamba yuko kwetu. Katumiwa fomu hiyo na mtu asiyemjua.

Esnart aliruka ukuta wa nyuma, mtoto mgongoni. Mtoto yu mzima. Mguu wa Esnart umevunjika sehemu mbili. Wengine wote nimewahamisha.

Hayo matengenezo yalikuwa ya nini?

Zione

Blantyre, 10 Machi

Dada,

Sijui nikusalimu vipi. Tulidukuliwa. Wezi waliingia kwenye seva tarehe mosi. Jumatatu asubuhi, tarehe mbili, nikawaona. Bosi wetu, Bwana Mkumba, akasema, "Wateja wakijua watatuhama. Andika matengenezo." Nikaandika mimi, kwa mikono yangu. Kisha akaamuru tufute seva tuanze upya. Kabla ya kufuta nilinakili kumbukumbu zinazoonyesha kilichochukuliwa. Ninazo.

Anasema tusubiri mwanasheria. Nisamehe.

Mdogo wako, Limbani

Zomba, 10 Machi

Msubiri mwanasheria? Esnart alimsubiri mwanasheria akiwa juu ya ukuta?

Seva siijui, lakini najua moto. Nyumba ikiwaka unapiga kelele watu watoke. Ungeniambia Jumatatu, Jumatatu hiyohiyo ningewahamisha. Siku sita, Limbani! Wezi walijua, ninyi mlijua, wenye majina ndio hawakujua. Na ulikuwa na uso wa kuniuliza habari za presha!

Waandikie wateja wote: kilichoibwa, lini, na wafanye nini. Mimi nitumie majina ya fomu zilizochukuliwa. Mpaka hapo usiniite dada.

Zione

Blantyre, 11 Machi, saa tatu asubuhi

Zione,

Majina haya hapa chini, ishirini na matatu. Wateja wote wameshapata barua pepe: "Tulidukuliwa tarehe mosi, tukawadanganya. Badilisheni nywila zenu zote. Waonyeni leo watu ambao habari zao mlizihifadhi kwetu. Kumbukumbu za wizi tunazo. Tutampa kila mteja zinazomhusu."

Mkumba alinifuata mezani. "Umeniua, Limbani!"

"Aliyeponea chupuchupu yuko hospitali ya Zomba, bwana. Wewe umesimama hapa."

"Weka funguo mezani utoke."

Nimeziweka. Esnart anaendeleaje?

Limbani

Zomba, 20 Machi

Mdogo wangu,

Natumaini mnakula. Hasira yangu bado ipo, sitakuficha.

Mpaka saa kumi siku ile tulikuwa tumewapata ishirini na wawili. Mmoja, Tiyamike, alikuwa kwa shangazi yake, mjini Dedza. Wakaondoka wote wawili jioni hiyo. Ijumaa mumewe akafika na panga, akavunja mlango, akakuta vyumba vitupu.

Esnart aliniuliza majina yametumwa na nani. Nikamwambia. Akauliza nani aliandika matengenezo. Nikamwambia pia. Akageukia ukutani. Kwa hiyo usije bado.

Huyo wa ishirini na tatu anaitwa Fanny. Simu yake inaita, haipokelewi. Tunapiga kila asubuhi.

Dada yako, Zione