Kijani cha Garimoshi la Karani

Kariakoo, Dar es Salaam

Kwa mke wangu Tatu,

Salaamu nyingi zikufikie wewe na mtoto wetu, ambaye mpaka leo namjua kwa barua tu. Je, homa imekuacha? Mtoto ananyonya vizuri? Mimi mwili mzima, ila moyo umechafuka. Nakueleza sababu ya kuchelewa kwangu, usije ukadhani nimepata mwingine huku.

Likizo nilipewa tangu mwezi uliopita. Kilichobaki ni pasi ya treni, na pasi huandikwa na karani mmoja Mgoa, mtu wa Bara Hindi, katika ofisi ya reli. Nilipomwendea akauliza, "Wewe si ndiye unayepaka rangi mabehewa kule karakana?"

"Ndiye, bwana."

"Basi nipakie yangu kwanza."

Tatu, mtu mzima yule ana magari ya moshi ya kuchezea! Kayanunua mnadani, makuukuu, rangi imebanduka. Kayatandikia reli juu ya meza ya chakula, nyumbani kwake Mchafukoge, hata yeye na mkewe wanakula wamepakata sahani.

Nikasugua kutu, nikapaka kichwa cha treni kijani. Akakitazama. "Sicho. Nataka kijani cha gari la moshi alilokuwa akiendesha marehemu baba yangu, kule Bara Hindi."

Bara Hindi mimi nimekuona wapi? Nikachanganya kijani cha mgomba, kinang'aa mno. Nikachanganya cha mchicha, kimefifia. Kila mara nakwangua, napiga msasa, naanza upya. Na kila Jumamosi nasikia treni ya bara ikipiga honi stesheni, nami nimeshika kijibrashi cha manyoya matatu!

Jana nikapaka kijani cha chupa. Karani akainama, akaanza kutabasamu. Mkewe alikuwa akipita na bakuli la mchuzi, akasimama.

"Kizuri," akasema, "lakini gari la baba mkwe lilikuwa jeusi."

"Jeusi?"

"Jeusi tititi. Nililipanda siku ya harusi yetu, gauni likajaa masizi."

Karani akanigeukia. "Fundi, tupake jeusi."

Nikaweka brashi chini. "Bwana karani, sipaki tena. Wewe unatafuta gari la baba yako. Mimi nina mtoto hajamwona baba yake, na mke wangu anatoka arobaini ya uzazi Jumatano."

Nilingoja kufukuzwa. Yeye alikaa tu, akikigeuzageuza kile kichwa kiganjani. "Nilikuwa mdogo," akasema, kama anajisemea. "Mimi nililiona la kijani."

Mkewe akatua bakuli juu ya reli, akaenda kuchukua mkoba wa mumewe, akamfungulia kitabu cha pasi. "Andika," akamwambia.

Akaandika.

Naondoka Jumamosi hii. Kichwa kimebaki kijani. Hakuniambia nikikwangue, nami sikuuliza.

Nisalimie mama yako, mkwe wangu, umwambie lawama aziweke mpaka nile kwanza. Msalimie wifi yako aliyekuuguza, na mwalimu wa chuo cha Kurani anayekusomea barua hii. Nawe usishtuke nitakapompakata mtoto: rangi imeniingia kuchani, na mafuta ya taa yameshindwa kuitoa.

Ni mimi mumeo aliyechoka kungoja,
Mfaume