Pea Moja ya Kandambili

Mama mdogo,

Utanisamehe mwandiko. Kandambili zako ziko palepale mlangoni tangu tulipokuzika. Watu wananiambia niziondoe, nami nawajibu vibaya.

Leo Rumonge imeogelea mashindano yake ya ziwani bila wewe. Walikuja toka Kabezi, toka Nyanza-Lac, wengine basi zima kutoka Bujumbura. Sisi wa kujitolea tulivaa jile, vile vizibao vya njano, tangu asubuhi, na firimbi yako niliivaa mimi. Komite ilinipa kazi yako: kamba mchangani, kila anayeingia ziwani anapanga kandambili zake hapo, akitoka anavaa. Unakumbuka nilivyokucheka, nikakuita mama wa viatu? Ukanijibu, "Vichwa vikilowa vinafanana, mwanangu. Karatasi ya majina nayo inadanganya. Wewe hesabu kandambili."

Basi, saa sita karatasi ikasema wote wametoka. Kwenye kamba ilibaki pea moja ya bluu, ukanda wa kushoto umefungwa kwa waya. Nikaulizia, hakuna mwenyewe. Upepo ulikuwa umeanza, mitumbwi ya uokoaji inayumba, wavuvi wanangoja firimbi tatu ndefu wajue kazi imekwisha. Mkuu wa komite akanijia na suti yake. Wageni wamekaa, makombe yamepangwa mezani. "Karatasi iko sawa, dada. Piga firimbi! Utatuchelewesha kwa kandambili za kuokota?"

Wallahi nilikukasirikia. Kama uliniachia firimbi, ungeniachia na ule ukali wako. Watu wote wananitazama, na mimi nani? Mshona nguo wa sokoni tu. Niliitia mdomoni, mama mdogo. Sikufichi, nilikuwa nimeshavuta pumzi.

Ndipo nikauona tena ule waya. Mtu anayehangaika kuifunga kandambili yake hivyo hawezi kuiacha akaenda zake peku. Nikaificha firimbi ndani ya blauzi, nikawapigia wavuvi kelele warudi ndani, wapite kwenye nyavu zote. Mkuu akaniita mwenda wazimu mbele za watu. Nikakaa mchangani kando ya zile kandambili, nasoma kila dua ninayoijua.

Walimkuta ameshikilia boya la wavu, mguu umemkaza, sauti imemkauka. Hamisi Juma, seremala wa Magara. Mwenzake wa jina hilohilo alitoka mapema, wakatia alama kwenye majina yote mawili. Walipombeba mpaka mchangani, midomo kijivu, neno lake la kwanza likawa, "Kandambili zangu ziko wapi?" Nilimvalisha mwenyewe. Nililia kwa sauti.

Sasa najua kwa nini nimeshindwa kugusa zako. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba pea ikibaki, mtu hajatoka, usiondoke. Nimekungoja, mama mdogo. Miezi yote hii nimekungoja kama mjinga.

Kesho nazitoa mlangoni. Sizitupi, zinanitosha. Nitazivaa ufukweni kila mashindano, na hakuna mwenye suti atakayenifanya nipulize kabla kamba haijabaki tupu. Hilo nakuahidi.

Murakoze, asante kwa yote. Jioni hii nilisimama mlangoni nikakupigia firimbi zako, tatu, ndefu. Majirani wakatoka nje kunishangaa. Pumzika sasa.

Mwanao, Mwajuma