Mama, Tulipobaki Wanne

Mama,

Shikamoo. Hapa kwetu Ndama mvua inasuasua na kahawa imechanua kidogo tu, ila si habari za mvua ninazokuandikia. Deusi ameondoka nyumbani, na sina mwingine wa kumweleza bila kuonekana namsema kaka yangu.

Unakumbuka likizo ile uliponiuliza nasomea nini hasa huko chuoni? Ulikuwa unamenya matoke, umejipaka mafuta mikononi ili utomvu usikushike. Nikakwambia nasomea protini zinazojipanga duara. Kwamba ndani ya mwili kuna vipande vinavyofanana kabisa, kila kimoja kimemshika jirani wa kulia na wa kushoto, mpaka wa mwisho anamshika wa kwanza na pete inajifunga. Ukauliza, "Na mkubwa wao ni nani?" Nikasema hakuna, wote wako sawa, ukiizungusha pete huwezi kujua nani alikuwa wapi. Ukacheka hadi kisu kikaanguka. "Waitu! Hiyo siyo nyumba."

Nilikubishia kwa mfano wa chakula chetu wenyewe. Tulikula chini, majani ya mgomba yametandikwa, matoke yamemwagwa katikati yanafuka moshi, kila mtu anamega upande wake. Tulikuwa watano: wewe, mimi kulia kwako, kisha Baba, kisha mdogo wetu Jeni, na Deusi akifunga upande wako wa kushoto. Nikakueleza kwamba tukikaa kwa mstari, wa mwanzo na wa mwisho watabaki na ubavu mmoja mtupu. Tukifunga duara, hakuna wa mwisho. Ndiyo maana pete hudumu kuliko mnyororo wa vipande vilevile. Ukasema hata vifaranga wanalijua hilo, serikali imenisomesha bure.

Nisichokueleza ni idadi, kwa sababu na mimi nilikuwa naijua kwa kichwa tu. Vipande vya aina moja vinaweza kujenga pete ya sita, au ya saba. Lakini kikipungua kimoja, waliobaki hawawezi kukaa kama walivyokaa. Duara dogo lina kona kali zaidi, kwa hiyo kila mmoja lazima ageuke zaidi kumwelekea jirani yake. Vipo vipande vinavyokubali kupinda hivyo. Vingine ni vigumu. Vinakazana, mshiko unalegea, pete inabaki wazi upande mmoja na mwishowe inaachia. Kwenye picha za hadubini naziona pete nzima na nusu pete zimelala pamoja. Zamani nusu pete nilizipita tu. Siku hizi nikiziona nafunga kompyuta, natoka nje.

Halafu kuna hili. Tulipokuwa watano, hakuna aliyekuwa na mtu sawasawa mbele yake. Baba akiinua macho alikuta nafasi kati yako na Deusi, na ukali wake kwa Deusi ulikupitia wewe kwanza. "Kula, mzee," unamwambia, na yanaishia hapo. Tulipobaki wanne, Deusi akawa mbele ya Baba moja kwa moja. Namba shufwa ndivyo zilivyo, kila mmoja anapata wa kumkabili.

Ilikuwa Pasaka. Ugonjwa wa mnyauko umeingia kibanjani, Mama, na umeanzia kwenye migomba inayotia kivuli kaburi lako. Deusi akasema pale pale tukila kwamba upande ule ung'olewe wote na kufukiwa kabla haujaambukiza kwingine. Alisema kweli, bwana shamba naye alisema hivyohivyo.

Baba akamkazia macho. "Unataka kumwanika mama yako juani?"

"Baba, ile ni migomba tu."

Mimi nilikuwa kati yao upande mmoja, Jeni upande mwingine. Baba akatamka neno ambalo siwezi kukuandikia. Deusi akanawa, akawasha pikipiki. Sasa yuko Kyerwa, analima shamba la watu. Baba hampigii simu, na yeye hapigi. Migomba ile haijaguswa. Inaoza imesimama.

Nina huzuni, Mama, na nina hasira, hata na wewe. Ulitushika wote kimya kimya mpaka tukadhani tunajishika wenyewe.

Juzi nimerudi nyumbani. Jeni akaniuliza kama pete ya watatu ipo. Nikamwambia zipo, tena imara. Tukapika, tukatandika jani moja dogo. Baba akaja hadi mlangoni, akalitazama, akasema apelekewe chake chumbani kwenye sahani. Jeni akampelekea. Tukabaki mimi naye tunatazamana, na wawili hawafanyi duara.

Asubuhi sahani ilikuwa nje ya mlango wake. Matoke yalikuwa kama tulivyoyapakua. Jana tena hivyohivyo, na leo nimemwona akishika ukuta ili avae kandambili.

Pumzika, Mama. Lakini kama kuna njia ya kumjia mzee ndotoni, mjie usiku huu umwambie ale. Yeye hatusikii sisi tena.

Binti yako mkubwa