Nyangeta Ameitika

Jumatatu, 3 Februari

Wiki ya tatu na vishikwambi. Chaki bado natumia, mazoea tu. Spika niliyoifunga juu ya ubao haijadondoka bado, namshukuru Mungu na waya wa fundi.

Baada ya ibada, mahudhurio. Siku hizi siiti majina kwa mdomo. Nimerekodi sauti yangu ikiwaita watoto wote thelathini na sita wa Darasa la Pili. Programu inaita, mtoto anajibu "Nipo, Madam," kishikwambi kinasikia na kuweka alama ya kijani. Mimi nazunguka nakagua kucha na madaftari. Kwenye semina ya Bunda walituambia mwalimu wa kisasa hapotezi muda kwa kazi ambayo mashine inaiweza. Nilipiga makofi kuliko wote.

Majina nimeyatoa kwenye vyeti vya kuzaliwa, kama alivyotaka Mwalimu Mkuu. Yafanane na ya mtihani huko mbele. Ndiyo maana Rehema Mafuru, ambaye kila mtu anamwita Rehema, mashine inamwita Nyangeta. Haitiki. Anaangalia dawati tu. Namwekea alama mwenyewe. Ndiye msomaji wangu bora, na kiburi anacho.

Jumanne, 4 Februari

Haitiki.

Alhamisi, 6 Februari

Leo nimechoka naye. Nimemsimamisha mbele ya wenzake. Nikamwambia jina la kwenye cheti ni lake, limeandikwa na serikali, atalizoea. Nikairudisha programu nyuma. Sauti yangu ikaita, Nyangeta. Kimya. Nikarudisha tena. Kimya, na darasa zima limeinamisha vichwa, hata wale watukutu. Mara ya tatu akasema, "Nipo."

Alama ya kijani. Nikafurahi. Naandika hivi kwa aibu kidogo, maana alipokaa alijivuta mpaka kwenye kona ya dawati.

Jioni nimejiuliza kwa nini watoto waliinamisha vichwa. Mimi ni wa Kiabakari, mambo ya huku ufukweni Mugango siyajui vizuri. Ziwa lenyewe naliogopa.

Jumatatu, 10 Februari

Rehema hazungumzi. Si na mimi wala na wenzake. Nimempa kitabu asome, amekishika, midomo ameifunga. Mtoto aliyekuwa anasoma Zaburi kwenye ibada huku wakubwa wanashangaa.

Jambo jingine. Dawati lake wanakaa watatu. Leo walikaa wawili upande mmoja, wamebanana, na Rehema kwenye kona. Katikati wameacha nafasi. Nikawaambia wasogee. Wakasogea. Nilipogeuka kutoka ubaoni nafasi ilikuwa imerudi.

Jumatano, 12 Februari

Rehema hajaja. Mwenzake kasema anaumwa, baba yake kampeleka hospitali Musoma.

Mashine imeita Nyangeta. Hakuna aliyejibu. Alama ikawa kijani.

Watoto wameona. Nimewaambia kishikwambi kimekosea, kimesikia mtu anakohoa. Hakuna aliyekohoa.

Alhamisi, 13 Februari

Bado hajaja. Kijani tena. Kabla ya kuita nilikuwa nimewahamisha wawili wa dawati lake wakakae mbele kwenye mkeka. Nikasimama mwenyewe karibu na dawati tupu. Sauti yangu kutoka juu, Nyangeta. Nilikuwa nimebana pumzi.

Sijawahi kuchukia sauti yangu namna ile.

Jumatatu, 17 Februari

Nimemsubiri Mwalimu Chirangi, wa TEHAMA, anayekuja kutoka Kitaji kila Jumatatu. Nikamwonyesha siku nne za kijani za mtoto aliyelala nyumbani. Nne, maana Ijumaa na leo zimo. Alicheka sana. Akasema Madam umerogwa na betri. Programu inahifadhi kila jibu, basi tusikilize.

Tulisikiliza watoto mmoja mmoja. Nipo Madam, nipo Madam, vikohozi, kiti kinaburuzwa. Tukafika kwa Nyangeta, ya Jumatano. Kuna kitu. Kifupi. Hakisemi "Nipo, Madam." Kinasema nipo tu, kama mtoto ambaye hajafundishwa kumalizia na Madam. Au ni upepo wa ziwa unaoingia dirishani. Ya Alhamisi ipo wazi zaidi. Ya Ijumaa na ya leo sikumruhusu azifungue.

Mwalimu Chirangi aliacha kucheka. Akasema ni upepo. Akapunguza sauti ya spika bila kuulizwa, akanywa chai yake akiwa amesimama. Ananiudhi mtu mwenye kujua kila kitu akinyamaza.

Jumatano, 19 Februari

Sitaki kuiandika hii. Naandika hivyo hivyo.

Kila mtoto ana ukurasa wake wa mwandiko kwenye kishikwambi, anafuatisha herufi kwa kidole. Rehema alimaliza herufi zote mwaka jana kwenye daftari, sasa anaandika sentensi. Leo nimefungua ukurasa wake, wenye jina la Nyangeta, nione aliishia wapi nimpelekee kazi nyumbani.

Sentensi zake zimesimama tarehe 6. Baada ya hapo kuna kazi mpya. Mtu ameanza somo la kwanza. Herufi a, mara arobaini na kitu. Zilizopinduka, zilizolala, zilizotoka nje ya mstari. Mkono wa mtoto ambaye hajawahi kushika kalamu. Kisha zinaanza kusimama. Kisha e. Zote za siku ambazo Rehema hayupo.

Kama ni mchezo wa watoto, nani? Vishikwambi vinafungiwa kabatini na ufunguo ninao mimi. Nimeuliza darasa. Katoto kamoja ka mbele kakasema taratibu, "Ni yeye Madam, anajifunza." Hawakuonekana kuogopa. Mimi ndiye niliyetoka nje.

Kesho nakwenda kwao.

Alhamisi, 20 Februari

Nimekwenda baada ya vipindi. Nyumba ya Mafuru iko mwisho wa kijiji, karibu na wanapoanika dagaa. Baba alikuwa ziwani. Mama yake anafanya kazi Musoma. Nilimkuta bibi. Shikamoo, marahaba, kiti, uji. Rehema kalala chumbani, macho wazi, ameelekea ukuta wa upande wa ziwa. Hospitali hawakuona ugonjwa. Chakula hataki. Maji hataki. Nilipomshika mkono haukuwa na uzito. Niliogopa kwa mara ya kwanza kwamba huyu mtoto anaweza kufa, na kwamba mimi nahusika.

Bibi aliniuliza kitu kimoja tu. Shuleni mnamwitaje? Nikamwambia. Akaweka kikombe chini.

Naandika alivyosema, nisije nikapamba baadaye.

"Nyangeta alikuwa dada yake huyu, mwalimu. Wakati huo huyu hajazaliwa bado. Yule alikuwaga anapenda shule mpaka anakera. Anakaaga pale njiani anaangalia wenzake wanaenda. Tukamshonea sketi. Ikabaki wiki moja aanze, akaenda kuoga ziwani, hakurudi. Huyu alipozaliwa tukampa jina la dada yake, ndiyo desturi yetu. Akawa hanyonyi. Ukimwita, hakuangaliaga wewe, anageukaga huko kwenye maji. Wazee wakakaa, wakaliondoa. Tukaenda kanisani akabatizwa Rehema, akanyonya siku ileile. Cheti kilikuwa kimeshatoka. Sisi hatukuliitaga tena hilo jina. Hata kwa bahati mbaya."

Nikasema sikujua. Kweli sikujua. Nikasema nitalifuta kesho asubuhi.

Bibi akatikisa kichwa. "Kufuta ni kumfukuza. Atakaa mlangoni pale. Wewe si ndiye ulimwita? Tena kwa sauti yako, kila siku. Kaitika, kaingia darasani, kakaa. Sasa mwanafunzi anaruhusiwa na nani kwenda nyumbani? Si mwalimu wake?"

Alisema bila hasira. Ningependa angekasirika. Kaburi liko nyuma ya nyumba. Nije Jumamosi, alisema, mchana kweupe, nikiwa nimevaa kama ninavyovaa shuleni.

Ijumaa, 21 Februari

Mwalimu Mkuu hataki kusikia. Jina la cheti ndilo jina, kubadilisha ni mpaka hati ya kiapo na barua. Nikamwambia basi tuandike hiyo barua. Akasema nimeanza imani za kijijini, mimi niliyeleta teknolojia shuleni. Leo mashine sikuiwasha. Watoto waliangalia spika, wakaniangalia mimi.

Nilikwenda kwa Mchungaji, mlezi wa shule. Nilijiandaa kukemewa. Mimi mwenyewe nimeshakemea wazazi kwa mambo madogo kuliko haya. Kusimama kaburini kuzungumza na marehemu. Nikamweleza yote, mpaka herufi. Yeye ni mwenyeji wa huku huku, ndiye aliyembatiza Rehema. Akaniuliza, unakwenda kutoa kafara? Hapana. Unakwenda kumwomba kitu? Hapana, nakwenda kumruhusu. Akasema kumruhusu mwanafunzi ni kazi niliyoajiriwa kufanya, na nimalizie kwa sala kama kila siku.

Kisha akasema alikuwepo siku walipomtoa majini. Akaingia ndani.

Nina hofu. Sijui namwogopa nani. Si yeye, nadhani. Mtoto anayejifunza a anatisha nini? Nimejiogopa mimi, niliyemsimamisha Rehema mbele ya watu mara tatu ili takwimu zangu ziwe kijani.

Jumamosi, 22 Februari

Nimevaa gauni la bluu na viatu vya shuleni. Bodaboda hakuuliza.

Kaburi dogo, limesakafiwa, nyasi zimekatwa pembeni. Ziwa linaonekana lote. Bibi alikaa mbali kidogo, mgongo ameuegemeza ukuta. Mchana, jua kali, wanawake wanageuza dagaa, redio ya mtu inapiga kwaya. Hakukuwa na chochote cha kutisha.

Sikujua pa kuanzia. Nikaanza kama ninavyofunga kipindi. Nikasema mchana mwema, mwanafunzi. Sauti ilinitoka ileile ya kwenye spika, nikaisikia, nikainyamazisha, nikaanza upya taratibu.

Nikamwambia mimi ndiye Madam wa Darasa la Pili. Nikamwambia nilimwita kwa makosa, lakini yeye hakukosea kuja. Alipoitwa aliitika. Alikaa vizuri. Alifanya kazi aliyoikuta. Nikamwambia mwandiko wake ulianza vibaya na sasa unasimama, na nasema hivyo kwa sababu ni kweli, si kwa kumbembeleza.

Hapo nililia. Bibi hakunikataza.

Nikasema, Nyangeta, masomo yamekwisha. Mdogo wako anahitaji nafasi yake kwenye dawati. Nakuruhusu uende nyumbani. Nikasali sala ya kufunga shule, ile fupi ya watoto, kwa sauti. Kwenye amina nikanyamaza, maana darasani watoto ndio wanaoisema. Sikufikiri, ni mazoea. Bibi hakuitikia. Mimi sikuitikia.

Amina ilisemwa.

Sitaandika zaidi ya hapo. Bibi alinyanyuka, akakung'uta khanga, akasema twende ndani.

Rehema alikuwa amekaa kitandani, miguu imegusa chini. Akasema, "Bibi, uji upo?" Sauti imekauka. Akanywa vikombe viwili, akaniamkia, akaona haya, akafunika uso. Bibi alijifanya anatafuta sufuria.

Jumatatu, 24 Februari

Nimeita majina kwa mdomo, nikimwangalia kila mtoto usoni. Imechukua muda na sikujali. Nilipofika kwenye R nikasema Rehema. "Nipo, Madam." Darasa likageuka kumwangalia, kisha likaendelea na mambo yake. Dawatini wamekaa watatu, mabega yanagusana, wanasukumana kama kawaida. Nimewagombeza kwa furaha.

Mwalimu Mkuu kasaini barua ya kuomba jina libadilishwe. Hakuniangalia. Nahisi Mchungaji alipita kwake.

Vishikwambi nimevirudisha kwa kusoma na hesabu. Ni zana nzuri, sitazisingizia. Rekodi ya majina nimeifuta yote.

Ukurasa wa Nyangeta niliuacha mwisho, watoto walipokwenda mapumziko. Nilitegemea kukuta a na e. Nikakuta i. Nikakuta o. Ya mwisho ni u, mstari mmoja tu, zote zimesimama wima, hakuna iliyotoka nje. Irabu tano. Darasa la Awali humaliza hapo muhula wa kwanza.

Kazi ya wiki mbili, na hakuna aliyeisahihisha.

Nikakaa kwenye dawati la Rehema, nikaisahihisha mstari kwa mstari, hata zile a zilizolala. Chini nikaandika vizuri sana. Ndipo nikafuta.