Godoro Lililobonyea Ukingoni

4 Machi

Binti yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha naisalimu mikono yako, maana najua sabuni ya huko ugenini haina huruma. Mimi ni mzima, ukiuacha mgongo. Mama yako hajambo kidogo, na hilo kidogo ndilo lililonikalisha niandike.

Hospitali wameturudisha nyumbani. Daktari, yule mrefu anayeinama akizungumza, alitueleza kwamba dawa za kuponya zimefika mwisho wake, na kilichobaki ni kumtuliza asiumie. Matunzo hayo wanayaita tiba shufaa. Mama yako alimshukuru, kisha akamwuliza kama amekula mchana.

Tatizo ni masikio yangu. Miaka thelathini na minane ya mashine ya kuchambua pamba imeyamaliza, ndiyo maana hata simu tuliiacha tukarudi kwenye karatasi. Juzi nilikuwa karakanani nashona godoro la watu, yeye yuko chumbani. Akaniita mpaka sauti ikamwishia. Nilipoingia kutafuta uzi nikamkuta amejikunja, machozi yamelowesha mto. Hakunikasirikia. Alisema, "Mzee, kufa sikuogopi. Naogopa kuita."

Tangu siku hiyo ameng'ang'ania apelekwe mahali ambapo akiita mtu ataitika. Mjini zipo nyumba mbili za kutunza wagonjwa wa namna yake. Nimeambiwa niende nizitazame kwanza, lakini mimi mtu wa magodoro nitatazama nini? Wewe ndiye uliyesoma. Niandikie niulize maswali gani.

Mchana hulala sana. Akiamka hunisimulia alikokuwa. Leo alikuwa katika nyumba yenye vyumba vingi vinavyofunguka kimoja ndani ya kingine, na katika kila chumba kulikuwa na alasiri yake. Nikamwuliza alikutana na nani. Akasema hakuna mtu, ila palikuwa pazuri. Nami nikakaa nikaitazama sufi inavyoelea kwenye mwanga wa dirisha, na sijashona tena.

Ni mimi,
Baba yako


13 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa, na mgongo umeegemea kitu. Mimi nipo, nakunja mashuka ya hoteli kuanzia asubuhi mpaka jioni. Mwenzangu wa zamu amecheka nilipomweleza kazi yako. Amesema baba godoro, binti shuka, basi kwenu anayelala ni mama peke yake.

Nimelia, sitakuficha. Halafu nikaenda kumwona mwanamke mmoja tunayekaa naye jengo moja, aliyewahi kutunza wagonjwa wasiopona. Yeye ndiye aliyenipa maswali. Usiyasome kwa kujiumauma, uliza kama unavyouliza bei ya pamba.

Waulize muuguzi mmoja anatunza wagonjwa wangapi. Waulize dawa kali ya maumivu ipo siku zote, hata Jumapili, na nani anaruhusiwa kuitoa. Waulize mgonjwa asiyeweza kujigeuza anageuzwa kila baada ya saa ngapi, maana wasipomgeuza atapata vidonda vya kulalia. Wewe utaruhusiwa kukaa naye muda wote, au kuna saa za kutembelea? Na saa zake za mwisho zikifika, watafanya nini? Huyo mwanamke ameniambia anayebabaika kwenye swali la mwisho, muage uondoke.

Nimeona mtandaoni picha za zile nyumba mbili za mjini, na mojawapo ina vigae vyekundu. Inapendeza, baba. Moyo wangu uko huko. Likizo yangu ni mwezi wa kumi na moja, lakini nimeshaanza kumwinamia msimamizi anipe mapema.

Mwambie mama akirudi kwenye vile vyumba aniachie mlango wazi.

Binti yako


24 Machi

Binti yangu mpendwa,

Salamu zako zimefika, na kicheko cha mwenzako nacho kimefika. Mama yako amekicheka mara mbili. Afya yake ni ya kupanda na kushuka. Yangu haina habari.

Nimezitembelea nyumba zote mbili. Ile ya vigae nilipokelewa na bwana mmoja mwenye tabasamu lisilotoka usoni, nami nikampa jina hilohilo, Bwana Tabasamu. Maswali yako aliyajibu kama mtoto aliyekariri. Wagonjwa wanne kwa muuguzi mmoja. Kugeuzwa kila saa mbili. Dawa ipo. Kila kitanda kina kengele, nikaibonyeza mwenyewe, na kabla sijahesabu kumi muuguzi akatokea mlangoni.

Nyumba ya pili iko nyuma ya kiwanda cha uchapaji, vyumba vyembamba, rangi inabanduka. Mkuu wake ni mama mfupi, muuguzi wa zamani. Alinijibu vizuri, isipokuwa swali la wagonjwa wangapi alikiri ni sita kwa mmoja na siku nyingine saba. Kengele hawana. Kwenye swali la saa za mwisho hakubabaika, lakini alinyamaza kwanza, nikalihesabu hilo kuwa kosa.

Sasa nikueleze kilichoniamulia. Maneno mtu anaweza kuyapamba, godoro haliwezi. Niliomba ruhusa nikaingiza mkono chini ya mashuka. Godoro likibonyea katikati, ujue mgonjwa analazwa chali na kusahauliwa. Nyumba ya vigae magodoro yao yamekaa sawa katikati, na kingo zimesimama kama zimetoka dukani jana. Nyumba ya pili katikati pako sawa pia, lakini kingo zimekufa. Godoro baada ya godoro, ukingo wa upande wa mlangoni umebonyea, sponji imekuwa kama mkate uliokaliwa. Nikamwambia yule mama ananunua bidhaa hafifu na ni aibu. Hakubisha. Alisema kama nina nafasi nije nimtengenezee.

Kwa hiyo wewe umechagua kwa picha, mimi kwa mkono, tumekutana palepale. Tumempeleka mama yako kwenye vigae Jumamosi. Alipoona bustani alisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, akanikonyeza. Nikamwambia aache maneno.

Ni mimi,
Baba yako


2 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo, na mama naye namshika miguu huko alipo. Nimelala usingizi wa kweli kwa mara ya kwanza tangu barua yako ya kwanza. Niliota naita, na mtu akaitika kabla sijamaliza.

Niambie chumba chake kikoje. Dirisha linatazama wapi? Anakula? Msimamizi hajasema ndiyo wala hapana, amesema tutaona, na kwa huyu mtu tutaona ni hatua kubwa.

Ulivyoshika magodoro ya watu kama unakagua mahari umenichekesha hadharani. Lakini nimejivunia. Nani mwingine angejua pa kuweka mkono?

Binti yako


12 Aprili

Binti yangu,

Nakusalimu kwa aibu. Mimi mzima. Mama yako sasa anapumua vizuri, na nitakueleza kwa nini ninasema sasa.

Nilikosea. Nimekaa siku mbili nikitafuta namna ya kuliandika neno hilo, na sikupata nyingine.

Kwenye nyumba ya vigae hakuna aliyemtendea ubaya, ulijue hilo. Kengele iliitikiwa. Muuguzi alikuja, akasimama mlangoni, akauliza "Kuna shida gani?", akaipokea shida, akaenda kuishughulikia. Mama yako hakujua aseme shida gani. Mara nyingine alitaka tu kusimulia alikotoka usingizini, na huwezi kumsimulia mtu aliyeshika kitasa. Akaacha kubonyeza. Akawa amelala katika kile chumba kizuri, pazia likijaa upepo na kuishiwa, na mimi nimeketi pembeni sisikii anachonong'ona. Jumapili maumivu yakapanda. Dawa kali ipo kweli, Bwana Tabasamu hakudanganya, ila ufunguo wa kabati ulikuwa kwa mfamasia, na mfamasia alikuwa nyumbani kwake. Mama yako alisubiri kutoka asubuhi mpaka saa tisa. Yale masaa sitayasahau.

Jumatatu, kwa hasira na kwa kukosa pa kuzipeleka, nikachukua sindano yangu kubwa na uzi nikaenda kule nyuma ya kiwanda cha uchapaji. Yule mama alikuwa ameniomba nimtengenezee zile kingo, na mkono ukifanya kazi kichwa hupoa. Nikapewa kitanda kilichokuwa wazi. Nikapasua mshono nikaingiza vidole. Binti yangu, sponji ilikuwa nzuri kabisa. Nzito, ya daraja la kwanza. Nikabaki nimeishika, sielewi ni kitu gani kimeiua upande mmoja.

Kwenye kitanda cha jirani alikuwapo mzee mmoja, ngozi na mifupa. Akaingia mhudumu na kikombe cha maji. Hakumpa amesimama. Aliketi ukingoni mwa godoro, upande wa mlangoni, akamnywesha, na maji yalipokwisha akaendelea kuketi. Akatoka. Baadaye kidogo akaingia muuguzi na dawa, akaketi palepale. Kisha mkuu mwenyewe, yule mama mfupi, akaketi mpaka miguu yake ikawa inaning'inia. Nikamwuliza. Akaniambia ana sheria moja tu, kwamba katika nyumba yake mtu hazungumzi na mgonjwa akiwa amesimama, na vyumba ni vyembamba, viti havienei.

Miaka yote hii ninatengeneza magodoro ya watu wanaolala. Sikuwahi kuwafikiria wanaokaa. Zile kingo nzima nilizozisifia kwenye vigae, nilikuwa nasifia mahali ambapo hajawahi kuketi mtu.

Nilimwuliza pia juu ya ufunguo wa dawa. Aliuvuta kutoka shingoni mwake, na mwingine kama huo uko kwa muuguzi wa zamu. Sikuuliza zaidi. Jana tulimhamisha mama yako. Alipoingia alitazama rangi inayobanduka akasema, "Sikio la kufa limesikia dawa." Nilisomea midomoni, lakini hata kama ningekuwa kiziwi kabisa ningejua kasema hivyo.

Ukingo nimeushona kwa nyuzi nne. Mkuu aliniomba nisiufanye mgumu sana.

Nisamehe zile wiki tatu za vigae.

Ni mimi,
Baba yako


20 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Hakuna cha kukusamehe. Picha nilizitazama mimi. Na kama ni kosa, wewe ndiye pekee ambaye ungelikosea hivyo, na ndiye pekee ambaye ungeligundua.

Nimepata ruhusa. Msimamizi amesema ndiyo, kuanzia tarehe tisa mwezi wa tano. Mwambie mama. Simwambii anisubiri, maana mtu hafungwi kwa ahadi ya mwingine. Mwambie tu nakuja.

Nimeota vile vyumba. Nilikuwa napita na rundo la mashuka masafi mkononi, sijui natandika wapi, na wala sikuwa na haraka.

Binti yako


30 Aprili

Binti yangu mpendwa,

Nakupa pole, nami unipe. Mjomba wako amekwisha kukupigia simu, kwa hiyo habari unayo. Mimi naandika ili ujue ilivyokuwa, maana simu ilikueleza tu kwamba imekuwa.

Barua yako niliisoma kwa sauti, na muuguzi akiwa ameketi naye. Mama yako alifumba macho akatabasamu. Akasema atakapokuja nimpe chumba chenye alasiri. Siku zile za mwisho hakuwa na maumivu. Alikuwa akienda na kurudi, akienda na kurudi, na kila akirudi alimkuta mtu wa kumsimulia. Wahudumu walikuwa wanapokezana hadithi yake, huyu akitoka anamwambia anayeingia mama amefika chumba gani. Mimi niliwasikia kwa macho.

Sasa lililo gumu. Sikuwepo. Siku kumi na saba sikutoka katika nyumba ile isipokuwa kufua shati, halafu Jumanne asubuhi nilipitisha mkono kidevuni nikaona nimekuwa kama mwizi. Alikuwa amelala vizuri. Nikaenda kwa kinyozi wa pembeni. Dakika thelathini, pengine arobaini, kwa sababu kinyozi ana maneno. Niliporudi mkuu alikuwa ananingoja langoni, nikajua.

Nilitaka kujipiga. Nikasema basi, ameita, na safari hii pia sikusikia. Mkuu akanishika mkono akanipeleka kwa aliyekuwa naye. Hakuwa muuguzi, binti yangu. Ni mama anayepiga deki. Alikuwa akipita na ndoo akasikia mama yako anaita, si jina la mtu, aliita tu, "Jamani." Akaitika. Akaweka ndoo chini, akafuta mikono kwenye gauni, akaketi.

Mama yako akamwuliza mzee yuko wapi. Yule mama akamjibu ameenda kunyoa, akamwuliza kama amkimbilie. Mama yako akamshika mkono asiinuke.

"Mwache anyoe vizuri," alisema. "Atapokea wageni wengi."

Wamekuja wengi kweli, binti yangu, mpaka wengine wamesimama nje. Nami niliwapokea nimenyoa.

Njoo salama.

Ni mimi,
Baba yako